Maua ya Cape, Machweo ya California

Kati ya Februari na Aprili wapiga picha hujazana kwenye bonde dogo la hifadhi ya Garrapata, kilomita chache kusini mwa mji wa Carmel katika jimbo la California, wakisubiri jua lizame. Kijito cha Doud hushuka hapo kuelekea ufukweni, na kandokando yake husimama maua meupe ya kala, mengine marefu kufikia kiunoni, yakiikabili Pasifiki. Jua likikaribia maji, weupe wa maua hugeuka rangi ya samli, kisha chungwa, kisha zambarau hafifu, na muda wote huo hakuna mpiga picha anayeshusha kamera yake. Picha zinazotoka hapo zimeenea kwenye kalenda, kadi za posta na kuta za hoteli, na karibu zote husimulia jambo moja: pwani ambayo mkono wa mtu haujaigusa, ua lililoota lenyewe, siku inayokwisha kama zilivyokwisha siku zote tangu dunia iumbwe. Simulizi hiyo si ya kweli. Kala ni mmea wa kusini mwa Afrika. Ulifika California ukiwa ua la bustani, ukavuka uzio, ukajiotea kwenye mabonde yenye unyevunyevu. Na kala hauko peke yake. Ninachodai katika makala haya ni kwamba picha ya maua ya pwani wakati wa machweo, kama ilivyokomaa California katika karne ya 20, ni hati ya kazi za watu: moto wa wenyeji, meli za wakusanyaji wa mimea, reli, barabara iliyochongwa na wafungwa, na kemia ya viwanda vya filamu. Anayeisoma kama picha ya asili tupu anapoteza nusu ya maana yake, na ardhi ndiyo inayolipia upotevu huo.

Tuanze na ardhi hiyo kabla kamera haijafika. Mwaka 1769, msafara wa Wahispania ulioongozwa na Gaspar de Portolá ulipopanda kaskazini kwa kufuata pwani, padri Juan Crespí aliandika katika shajara yake kuhusu mbuga alizozikuta zimechomwa moto na wenyeji. Ule haukuwa moto wa bahati mbaya. Watu wa pwani ya kati ya California, Warumsen wa eneo la Carmel wakiwa miongoni mwao, walichoma nyasi kwa makusudi na kwa mpango, ili vichaka visifunike uwazi, ili majani mabichi yavute wanyama wa kuwindwa, na ili mimea ya mbegu istawi. Mbegu hizo zilikuwa chakula. Wanawake walipita mbugani na vikapu na vipigio, wakazikung'uta, wakazikaanga na kuzisaga unga. Mimea mingi iliyovunwa hivyo ni ya msimu, ile inayotoa maua yake yote kwa pamoja mvua za kipupwe zikishapita, yaani ile ile ambayo baadaye ingeitwa zulia la maua ya mwitu. Mwaka 1793 gavana wa muda, José Joaquín de Arrillaga, alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji huo. Ng'ombe wa misheni walikuwa wamekwisha kuingia malishoni, na nyasi za Mediterania zilikuja pamoja nao, mbegu zikiwa zimenata kwenye manyoya na kuchanganyika na lishe. Maradhi yaliwaua wenyeji kwa wingi wa kutisha, na waliobaki wakatolewa kwenye ardhi yao. Kwa hiyo hata yale maua yaliyokuwa wenyeji halisi wa pwani ile yalikuwa na watunzaji wake, na watunzaji hao walikuwa wameondolewa miongo mingi kabla mpiga picha wa kwanza hajasimamisha miguu mitatu ya kamera yake juu ya genge.

Ua lililopata umaarufu wa mapema kuliko yote lilikuwa popi ya California, lenye petali nne nyororo za rangi ya chungwa. Mwaka 1816 meli ya Kirusi Rurik, chini ya nahodha Otto von Kotzebue, ilitia nanga San Francisco, na mtaalamu wa mimea aliyekuwamo, Adelbert von Chamisso, akakusanya sampuli. Aliliita Eschscholzia californica kwa heshima ya rafiki yake Johann Friedrich von Eschscholtz, tabibu wa meli hiyo. Mwaka 1903 jimbo lililifanya ua lake rasmi. Mtu angetegemea kwamba ua lenye sifa kama hiyo lingekuwa kipenzi cha wapiga picha tangu mwanzo, hasa jioni, rangi yake inapokutana na rangi ya mbingu. Haikuwa hivyo, na sababu yake ilikuwa ndani ya chupa za dawa. Chumvi za fedha zilizopakwa kwenye sahani za kioo za karne ya 19 zilihisi mwanga wa buluu na urujuani tu. Nyekundu, chungwa na njano hazikuzigusa. Carleton Watkins alipopiga picha pwani ya Mendocino mwaka 1863, akitumia sahani kubwa za karibu sentimita 46 kwa 56 ambazo ilibidi zipakwe dawa, zipigwe na kusafishwa zikiwa bado mbichi, mbingu zake zilitoka nyeupe tupu kwa sababu buluu ilizidi nguvu. Popi mbele ya sahani ya aina hiyo lingetoka jeusi. Machweo ndiyo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa jua linapoinama buluu hupungua na nyekundu huongezeka: saa ambayo jicho la mtu huiona tajiri kuliko zote, sahani iliiona kama giza.

Wapo waliojaribu kupita njia nyingine. Huko Ufaransa, mwaka 1856 na 1857, Gustave Le Gray alipata sifa kubwa kwa picha zake za bahari zenye mawingu ya kupendeza. Katika baadhi yake, bahari ilitoka kwenye sahani moja na mbingu kwenye nyingine, akaziunganisha wakati wa kuchapa. Nalitaja hili kwa sababu wako wanaosema kwamba udanganyifu katika picha za mandhari uliletwa na kompyuta. Bahari ya jioni ilikuwa kazi ya kuunganisha tangu siku zake za mwanzo kabisa, na hakuna aibu katika hilo. Aibu, kama ipo, iko katika kusahau. Mwaka 1873 mkemia Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba rangi fulani zikichanganywa na dawa huifanya ihisi kijani na njano pia, na kufikia mwaka 1906 kampuni ya Kiingereza ya Wratten & Wainwright ilikuwa ikiuza sahani zilizohisi rangi zote, nyekundu ikiwamo. Miaka 90 ilikuwa imetimia tangu Chamisso achume popi lake pale San Francisco hadi rangi ya ua hilo ilipoweza kuingia katika sahani ya kawaida bila kugeuka wino.

Hapa kuna pingamizi la haki. Wachoraji wa California walikuwa wakichora maua ya pwani katika mwanga wa jioni bila kusubiri kemia yoyote. Granville Redmond, mchoraji kiziwi aliyefanya urafiki na Charlie Chaplin, alijenga jina lake juu ya vilima vya popi na lupini. John Marshall Gamble, ambaye karakana yake iliteketea katika tetemeko la San Francisco la mwaka 1906, alihamia Santa Barbara na kuendelea na somo hilo hilo kwa nusu karne. Je, hilo halionyeshi kwamba ladha ilitangulia, na kwamba kamera ilifuata tu? Nakubali kwamba ladha ilitangulia. Hata hivyo, pingamizi hili linaisaidia hoja yangu zaidi kuliko linavyoidhuru. Mchoraji ana uhuru ambao mpiga picha hana. Anaweza kulifungua popi saa kumi na mbili jioni, akalimwagia mwanga wa machweo, na hakuna wa kumsuta. Popi lenyewe haliko hivyo. Jua likishuka, au ubaridi na upepo wa bahari ukizidi, petali zake nne hukunjana moja juu ya nyingine kama mwavuli uliofungwa, na kilima kizima kilichokuwa cha chungwa mchana hurudi kuwa cha kijivu-kijani. Wachoraji, basi, waliwaachia wapiga picha deni: picha ya jioni yenye maua wazi, ambayo pwani ile kwa mimea yake maarufu kuliko yote haikuwa tayari kuitoa.

Deni hilo liliwangoja wapiga picha wa rangi walipofika. Ndugu wa familia ya Lumière walikuwa wamekwisha kuuza sahani zao za rangi mwaka 1907 kwa kutumia punje za wanga wa viazi zilizotiwa rangi, lakini zilihitaji mwanga mwingi na utulivu mkubwa, na ua la pwani halitulii kwa upepo. Mabadiliko ya kweli yalikuja na Kodachrome, iliyotoka kwa ajili ya sinema mwaka 1935 na kwa kamera za mkononi mwaka 1936. Ilikuwa na rangi nzito na kumbukumbu ndefu, ila ilikuwa nzito pia kupokea mwanga. Kwa kipimo cha leo cha wepesi wa filamu ilikuwa kwenye kumi au chini ya hapo. Jioni, mpiga picha alilazimika kuacha lenzi wazi kwa muda unaotosha ua kuyumba mara kadhaa. Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Filamu ya slaidi haivumilii tofauti kubwa kati ya sehemu angavu na sehemu ya kivuli. Ukipima mwanga wa mbingu, maua yaliyo miguuni pako hutoka kama makaa. Ukiyapima maua, jua na mawingu huungua na kuwa kioo kitupu. Ufumbuzi uliokubalika ulikuwa kipande cha kioo au plastiki chenye giza upande wa juu na uwazi upande wa chini, kinachowekwa mbele ya lenzi ili kuishusha mbingu hadi ilingane na ardhi. Galen Rowell, Mkalifornia aliyefuata mwanga wa mapambazuko na machweo milimani na pwani hadi kifo chake mwaka 2002, alishirikiana na watengenezaji wa filta za Singh-Ray kuvifanya vipande hivyo kuwa kifaa cha kawaida katika mkoba wa kila mpiga picha wa mandhari. Mwaka 1990 kampuni ya Fuji ilitoa filamu ya Velvia, yenye rangi za kushiba kuliko zile ambazo macho huziona, na zambarau na chungwa za machweo zikapata sauti mpya. Leo simu ya mkononi hupiga fremu kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha yenyewe, yaani inafanya alichofanya Le Gray bila mwenye simu kujua kuwa kuna kitu kimefanyika.

Sasa tuweke kemia hiyo kando ya mimea, kwa sababu hapo ndipo jibu linapopatikana. Teknolojia ilipokuwa tayari kwa machweo, ua lililohitajika lilikuwa ua jepesi kwa rangi ili likusanye mwanga mchache uliobaki, kubwa kiasi cha kuonekana kwenye fremu pana, na lisilofungwa jioni. Kala hutimiza masharti yote matatu. Hiyo sehemu nyeupe ambayo watu huiita petali si petali hata kidogo. Ni jani moja lililojikunja kuzunguka kijiti cha njano, na maua yenyewe, madogo kabisa, yamebanana juu ya kijiti hicho. Jani haliogopi usiku. Linabaki wazi wiki nzima na zaidi, mchana na jioni, penye jua na penye ukungu. Kwa hiyo ua hili la Cape, kusini mwa Afrika, liliingia kwenye picha ya jioni ya California kwa nafasi ambayo popi, mwenyeji wa pale, lilishindwa kuishika. Ni uteuzi uliofanywa na filamu, na sijui uthibitisho mwingine ulio wazi kuliko huu kwamba picha hizi hazikuchagua mandhari kwa kuwa yalikuwa ya asili zaidi.

Kala lilikuwa na historia yake katika kamera kabla halijafika kwenye bonde la Garrapata kama kivutio. Ulaya ililijua tangu karne ya 17, likifugwa kwenye bustani za wafalme na matajiri. Katika miaka ya 1920 Imogen Cunningham, aliyekuwa akilea watoto wadogo nyumbani kwake Oakland na asiyeweza kwenda mbali, aliigeuza kamera yake kwenye mimea ya bustani yake mwenyewe, na kala mbili zilizosimama pamoja zikawa mojawapo ya picha zake mashuhuri. Tina Modotti alilipiga ua hilo hilo nchini Meksiko. Mwaka 1932 Cunningham, Ansel Adams, Edward Weston na wenzao waliounda kundi la f/64 walionyesha kazi zao kwenye jumba la makumbusho la de Young, San Francisco, wakidai picha kali, isiyopakwa ukungu wa kisanaa. Weston alikuwa amehamia Carmel mwaka 1929 na kuifanya rasi ya Point Lobos kuwa darasa lake la maisha: mizizi ya misaiprasi ya pwani, mwani, miamba iliyolambwa na mawimbi, yote kwa nyeusi na nyeupe. Baada ya vita kampuni ya Kodak ilimwomba apige pwani hiyo hiyo kwa Kodachrome, naye akakubali. Kwa njia hii Carmel ikawa mahali ambapo kijana mwenye kamera aliamini lazima afike, na akifika huko akakuta ua ambalo tayari lilikuwa limekwisha kuwa ishara ya sanaa ya picha. Asingeweza kuliona kwa macho matupu hata kama angetaka.

Kufika kwenyewe kulikuwa na gharama iliyolipwa na wengine. Barabara inayounganisha Carmel na San Simeon ilifunguliwa mwaka 1937 baada ya takriban miaka 18 ya kazi, sehemu kubwa ikichongwa na wafungwa wa gereza la San Quentin waliowekwa kwenye kambi za majabalini. Daraja la Bixby lilikamilika mwaka 1932. Kabla ya hapo pwani ya Big Sur ilikuwa ya wachungaji, wapasua mbao na njia za farasi. Barabara ilileta gari, na gari likaleta mtu wa mjini mwenye saa mbili za jioni na kamera kiunoni. Ilileta pia mahali pa kusimama: kingo pana zinazotazama magharibi moja kwa moja, ambako jua huingia baharini bila kizuizi. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam anajua kuwa hili si jambo la kupewa bure na jiografia. Kwetu jua hutoka baharini na kuzama nyuma ya miji, na ndiyo maana picha maarufu ya machweo ya bahari katika pwani ya Waswahili ni ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, unaoelekea magharibi, wala si ya bara. California ni pwani nzima inayoelekea upande huo, na barabara iliigeuza kuwa ukumbi mrefu wa kutazamia.

Barabara na reli ndizo zilizopanda ua la pili katika historia hii. Mwanzoni mwa karne ya 20, mmea wa kutambaa wenye majani manene ya pembe tatu yaliyojaa maji, Carpobrotus edulis, uliletwa kutoka Afrika Kusini na kupandwa kandokando ya reli ili kushika udongo. Idara ya barabara ya jimbo iliuchukua ikaupanda kwenye kingo za barabara na matuta ya mchanga kwa maelfu ya ekari, na iliendelea hivyo hadi miaka ya 1970. Kwao Cape mmea huu una heshima yake: matunda yake huliwa na kupikwa jamu. California ulipewa kazi ya sementi, na hata kazi hiyo hauifanyi vizuri, kwa kuwa mizizi yake iko juujuu huku zulia lake, linaloweza kufikia unene wa karibu nusu mita, likibeba uzito mkubwa wa maji. Kwenye mteremko mkali uzito huo huweza kuuporomosha udongo uliotakiwa kuushika. Tawi moja huweza kurefuka kwa zaidi ya mita kwa mwaka. Sungura na paa hula matunda na kusambaza mbegu. Matuta ya mchanga ya Monterey yalifunikwa, na wapiga picha wakapata sakafu ya njano na waridi ya kuweka mbele ya mawimbi. Katika Pacific Grove, jirani na Monterey, ndugu wa mbali wa mmea huo, Drosanthemum floribundum wa Cape, ana hadithi yenye jina la mtu. Mwaka 1943 Hayes Perkins, mzee aliyekuwa ametembea sehemu nyingi za dunia, alianza kung'oa vichaka vyenye majani yanayowasha na kutoa malengelenge yaliyowadhuru watoto waliocheza ufukweni, na mahali pake akapanda mmea huo kwa mikono yake. Kila Aprili na Mei ukingo wa bahari pale hugeuka waridi kali, na watu hufika kutoka mbali kuupiga picha jua linaposhuka. Hifadhi hiyo ina jina lake. Mji hauifichi kuwa ni bustani, na kwa sababu hiyo naihesabu kuwa picha ya kweli kuliko nyingi zinazopigwa Garrapata.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu faida. Picha za pwani, tunaambiwa, ziliiokoa pwani. Ushahidi upo. Mwaka 1962 klabu ya Sierra ilichapisha kitabu cha Harold Gilliam kuhusu rasi ya Point Reyes, chenye picha za Philip Hyde, katika kampeni ya kuizuia rasi hiyo isikatwe viwanja. Septemba mwaka huo huo Rais Kennedy alitia saini sheria ya kuifanya pwani ya taifa. Mwaka 1972 wapiga kura wa California walipitisha pendekezo namba 20 la kudhibiti ujenzi wa pwani, na mwaka 1976 sheria kamili ya pwani ikafuata. Bila jicho lililofundishwa na miongo mitatu ya picha za rangi, kura hizo zingekuwa ngumu zaidi kupatikana. Nakiri hili bila masharti, na yeyote aliyewahi kuona fukwe zilizofungwa kwa kuta za hoteli anajua thamani ya ushindi huo. Lakini tazama kilichookolewa. Kilikuwa mandhari: uwazi kati ya barabara na maji, mstari wa upeo usiovunjwa na majengo. Kilichokuwa chini ya miguu ya mtazamaji hakikuwamo katika hesabu, na muongo uleule ambao wananchi walipigia kura pwani yao ndio uliokuta idara ya barabara ikiwa bado haijaacha kupanda mmea uliokuwa ukiimeza. Picha ilifundisha watu kutazama mbali. Haikuwafundisha kutazama chini, kwa kuwa chini palikuwa pamekwisha kupendeza.

Wengine watasema kwamba mimea yote husafiri, na kwamba kumwita kala mgeni ni chuki iliyovikwa sayansi. Pwani yetu wenyewe ina bugenvilia iliyotoka Amerika Kusini na mkrismasi uliotoka Madagaska, na hakuna anayetaka kuing'oa. Mimi pia sitaki. Tofauti ni kwamba bugenvilia ya Lamu hupandwa mlangoni na inajulikana kuwa imepandwa. Haijawahi kudaiwa kuwa uso wa pwani kabla ya watu. Na wageni hawalingani. Baraza la mimea vamizi la California limeipa kala daraja la chini la madhara, na Carpobrotus edulis daraja la juu. Kala hukaa bondeni penye maji. Mwenzake hutembea juu ya matuta ya mchanga, na matuta yana wenyeji wasio na mahali pengine. Erysimum menziesii, mmea mfupi wenye kichwa cha maua ya njano kali, na lupini ndogo ya Tidestrom, inayotambaa mchangani, iliwekwa kwenye orodha ya shirikisho ya mimea iliyo hatarini mwaka 1992. Kipepeo mdogo wa buluu wa Smith aliingia kwenye orodha ya viumbe walio hatarini tangu mwaka 1976, naye hutegemea aina mbili tu za mimea ya Eriogonum ya pwani: hutaga juu ya maua yake, na viwavi wake hula hayo hayo. Zulia la waridi linapoufunika mchanga, mimea hiyo hukosa mahali pa kuotea. Machweo yaliyopigwa juu ya zulia hilo hayana kipepeo huyo, na hakuna kitu ndani ya picha kinachomwambia mtazamaji kwamba anakosekana.

Katika ufukwe wa Asilomar, upande wa pili wa Pacific Grove, kazi ya kurudisha matuta ilianza miaka ya 1980. Watu waliung'oa mmea wa Cape, wakaotesha miche ya wenyeji kutoka mbegu za papo hapo, wakaipanda na kujenga njia za mbao ili wageni wasikanyage. Leo Erysimum menziesii huchanua pale mwanzoni mwa mwaka, kimo chake hakizidi sana shubiri moja, na anayetaka kuupiga picha pamoja na jua la jioni lazima ajilaze tumbo kwenye mbao za njia, lenzi karibu iguse mchanga. Petali zake ni ndogo, upepo hauzipi nafasi, na fremu haijai rangi kama ya Garrapata. Picha za aina hiyo bado ni chache kwenye kalenda. Zinapotolewa, maelezo yaliyo chini yake yanapaswa kutaja jina la mmea, jina la tuta, na kwamba mchanga ule ulisafishwa kwa mikono, kama vile maelezo ya picha ya Garrapata yanavyopaswa kutaja Cape, na ya Big Sur kutaja wafungwa wa San Quentin. Mhariri wa kalenda ana nafasi ya mistari miwili chini ya kila picha. Mistari miwili inatosha kwa hayo yote.